Wimbo Huwa wa Watu Wote Lini?

Mazungumzo baada ya habari, kwa wasikilizaji wetu wa jeshi na polisi

Majuma machache yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa sajenti mmoja wa polisi anayefanya doria upande wa Masoro, mashariki ya jiji la Kigali. Wengi wenu mnapafahamu Masoro. Ndipo lilipo Eneo Maalumu la Kiuchumi, ambako viwanda vimepangana bega kwa bega, malori yanaingia na kutoka, na wafanyakazi wanashuka katika mabasi kila alfajiri. Kandokando ya barabara ya huko, anaandika sajenti, alimkuta kijana mwenye kibanda na kompyuta moja. Kazi ya kijana huyo ni kuwajazia madereva nyimbo katika flashi ili wazisikilize safarini. Nyimbo zinazonunuliwa zaidi ni zile za zamani, ambazo Wanyarwanda huziita karahanyuze.

Sajenti akamwuliza, "Una ruhusa ya nani?" Kijana akajibu bila kubabaika: "Afande, mwimbaji huyu aliuawa mwaka 1994. Mkewe na wanawe nao waliuawa. Nikaombe ruhusa kwa nani? Wimbo huu sasa ni wetu sote."

Sajenti anakiri kwamba alinyamaza. Hakumkamata kijana, wala hakumwacha kwa moyo mweupe. Badala yake aliniandikia mimi, akaniita "Afande mtangazaji" ingawa sijapata kuvaa buti hata siku moja, akaniuliza: wimbo huwa wa watu wote lini?

Ndugu wasikilizaji, swali hilo ni fupi, lakini mataifa yamelibishania kwa zaidi ya miaka 300, na hata sasa hayajakubaliana. Leo tutalifuata tangu mwanzo wake, kisha turudi Masoro tumjibu sajenti.

Kwanza hatuna budi kutofautisha mali na mali. Mtu akiniibia ng'ombe, mimi nabaki bila ng'ombe. Akilima shamba langu, mimi sina pa kulima. Lakini mtu akiimba wimbo wangu, wimbo ungali nao. Haukupungua hata neno moja. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Wimbo si buyu la asali: kila anayeuchovya huuzidishia wapenzi. Kinachopungua ni riziki ya mtunzi, kwa maana wale ambao wangemlipa yeye sasa wamemlipa mwingine. Kwa sababu hiyo sheria zilibuni kitu kinachoitwa hakimiliki, yaani mtunzi peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kuruhusu kazi yake inakiliwe, iuzwe au itangazwe. Na kwa kuwa wimbo hauishi kwa kutumiwa, sheria zikaipa haki hiyo mwisho. Shamba hurithiwa vizazi na vizazi. Hakimiliki ina siku yake ya kufa. Ubishi wote ni juu ya siku hiyo.

Tuanze hapa hapa nyumbani. Katika Rwanda ya wafalme palikuwa na watunzi wa mashairi ya kuwasifu wafalme, walioitwa abasizi. Mapokeo yanamtaja Nyirarumaga, mama mlezi wa mfalme Ruganzu Ndoli, kuwa ndiye aliyeasisi utaratibu wa kuyahifadhi mashairi hayo, yaitwayo ibisigo. Hapakuwa na karatasi wala kalamu. Shairi lilikaa kichwani mwa mtu, likapokelewa na mwanawe au mwanafunzi wake, na pamoja na shairi likapokelewa jina la aliyelitunga. Padri Alexis Kagame alipoyakusanya mashairi hayo na kuyaandikia kitabu kilichotolewa mwaka 1951, aliweza kutaja nani alitunga shairi gani, katika enzi ya mfalme yupi, hata kwa watu waliokwisha kufa karne nyingi nyuma.

Hapo pana funzo ambalo tutalihitaji mbele. Mtunzi wa kale alipewa riziki na ikulu akiwa hai. Na baada ya kufa aliachiwa jina. Riziki ilikuwa na mwisho, jina halikuwa na mwisho. Wala mtu hakuthubutu kulifuta jina la mwenzake akaweka lake, maana waliolijua shairi walikuwa mashahidi.

Sheria iliyoandikwa ilianza Uingereza mwaka 1710. Kabla ya hapo, chama cha wauza vitabu wa London kilikuwa kimejishikia haki ya kuchapa vitabu, na kila muuzaji alidai kwamba kitabu alichokinunua kwa mwandishi ni chake milele. Bunge likasema, la. Kitabu kipya kitalindwa kwa miaka 14, na mwandishi akiwa bado hai ataongezewa 14 mingine, basi. Vitabu vilivyokuwapo tayari vikapewa miaka 21. Madhumuni yaliyotajwa na sheria hiyo yalikuwa kuhimiza elimu.

Wauza vitabu hawakukubali. Muda ulipokwisha walikwenda mahakamani, wakidai kwamba nyuma ya sheria ya Bunge kuna haki ya asili isiyokoma. Aliyewapinga alikuwa mchapaji wa Edinburgh, Alexander Donaldson, aliyekuwa akichapa vitabu vya bei nafuu vya waandishi waliokwisha kufa. Mwaka 1774 kesi ilifika katika Baraza la Malodi, nalo likaamua kwamba hakimiliki ya kitabu kilichochapwa ni ya muda uliowekwa na Bunge, na muda huo ukiisha, kitabu ni cha watu wote. Angalieni, ndugu wasikilizaji: waliopigania milele hawakuwa waandishi. Walikuwa wafanyabiashara waliosimama nyuma ya majina ya waandishi, na wengi wa waandishi hao walikuwa kaburini.

Baada ya hapo muda ukaanza kurefuka hatua kwa hatua. Marekani ilianza mwaka 1790 kwa miaka 14 na 14 kama Waingereza. Ufaransa ya mapinduzi, mwaka 1793, ikaweka maisha ya mtunzi na miaka 10 baada ya kifo chake. Uingereza nayo, mwaka 1841, ikaletewa hoja bungeni kwamba haki iendelee miaka 60 baada ya kifo. Mbunge na mwanahistoria Thomas Macaulay akasimama kuipinga. Alisema kwamba hakimiliki ni kama kodi anayotozwa msomaji ili mwandishi aishi. Kodi hiyo ni ya haki, lakini isitozwe hata siku moja zaidi ya inayohitajika. Tena akaonya kwamba haki ikikaa mno mikononi mwa warithi, mrithi mmoja asiyekipenda kitabu cha babu yake aweza kukizuia kisichapwe kabisa. Hoja ya miaka 60 ikaanguka. Mwaka 1842 wakakubaliana miaka 42 tangu kuchapwa, au maisha ya mwandishi na miaka 7, wowote ulio mrefu zaidi.

Mwaka 1886 mataifa kadhaa yalitia sahihi Mkataba wa Berne, huko Uswisi, ili mtunzi wa nchi moja alindwe katika nchi nyingine. Katika marekebisho ya Berlin ya mwaka 1908, mkataba ulitaja kipimo cha maisha ya mtunzi na miaka 50. Na katika marekebisho ya Brussels ya mwaka 1948, kipimo hicho kikawa lazima. Fikra yake ilikuwa kwamba miaka 50 inatosha kumfaa mtunzi, watoto wake na wajukuu wake.

Kipimo hicho kilifikaje kwetu? Hakikuletwa na malenga wa Afrika Mashariki wala na wapiga zeze wake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 iliweka maisha na miaka 50, ikapanuliwa hadi katika makoloni. Baada ya uhuru nchi zetu zilitunga sheria zao wenyewe na kujiunga na Mkataba wa Berne: Rwanda mwaka 1984, Kenya mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994. Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire, ilitoa sheria yake mwaka 1986. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2009 juu ya mali ya ubunifu iliweka maisha ya mtunzi na miaka 50, nayo ikafuatwa na sheria mpya ya mwaka 2024. Na mwanachama wa Berne hana ruhusa ya kushuka chini ya miaka 50. Kupanda juu hakuzuiwi.

Na wakubwa wakapanda. Mwaka 1993 nchi za Ulaya zilipatana juu ya maisha na miaka 70, kwa hoja kwamba watu sasa wanaishi zaidi na kwa hiyo wajukuu nao wanakawia. Mwaka 1998 Marekani ikaongeza miaka 20, na kazi zinazomilikiwa na makampuni zikapewa miaka 95 tangu kutolewa. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: kwa miaka 20 mizima, tangu 1999 hadi mwisho wa 2018, hakuna kitabu wala filamu iliyotolewa huko ambayo muda wake ulikwisha. Saa ilisimamishwa. Filamu fupi ya mwaka 1928 iliyomtambulisha panya Mickey wa kampuni ya Disney haikuwa huru mpaka tarehe 1 Januari 2024.

Hapa kila askari anayejua maana ya amri na utekelezaji aweza kuuliza: nyongeza hiyo iliyotolewa mwaka 1998 ilimhimiza nani? Aliyetunga mwaka 1928 alikwisha kutunga. Aliyekufa hahimizwi. Huwezi kumwahidi marehemu posho ili aandike shairi jingine. Nyongeza ya namna hiyo haizai wimbo mpya. Inamwongezea mapato yule anayeushikilia wimbo wa zamani. Ni wale wale wauza vitabu wa London, wamerudi wakiwa na kalamu nyingine.

Ndugu wasikilizaji, msidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Tazameni wimbo ambao majeshi ya Tanzania husimama wima kuupigia saluti. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Johannesburg. Sontonga alifariki mwaka 1905. Kwa hesabu ya miaka 50 tangu kifo, muda wake ulifika mwisho mwaka 1955. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na kuifanya sauti hiyo kuwa ya wimbo wa taifa, muda huo ulikuwa umekwisha kupita. Zambia nayo iliichukua mwaka 1964. Mwaka 1997 Afrika Kusini ikaiunganisha katika wimbo wake wa taifa. Lau hesabu ingekuwa ya miaka 70, muda ungefika mwaka 1975, na mataifa hayo mawili yaliyokuwa yakizaliwa huenda yangelazimika kumtafuta mrithi wa mwalimu aliyekufa zamani, au mfanyabiashara aliyenunua haki zake, ili yaombe ruhusa ya kumshukuru Mungu kwa uhuru wao.

Tazameni pia Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962. Kwa kipimo cha miaka 50, ulinzi wa maandishi aliyoyachapa akiwa hai ulimalizika mwisho wa mwaka 2012. Kwa kipimo cha miaka 70 ungeendelea mpaka mwisho wa mwaka 2032. Tofauti ni miaka 20, nayo ndiyo miaka ambayo mtoto huanza shule, akamaliza, akaoa. Shule ya kijijini ingeweza kumchapia mtoto huyo *Kusadikika* bila kumwomba mtu, au isingeweza, kwa tofauti ya tarakimu moja katika kifungu cha sheria.

Lakini wapo wanaopinga, nao wasikizwe. Wanasema: watunzi wetu walidhulumiwa walipokuwa hai. Waliuza nyimbo zao kwa pesa za chakula cha jioni, na umaarufu ukaja wakiwa wazee au wamekwisha kufa. Je, si haki watoto wao wavune muda mrefu? Hoja hiyo ina machozi ndani yake. Chukueni wimbo wa *Malaika*. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mnamo mwaka 1960. Miriam Makeba aliuimba duniani kote, na Boney M wakautoa tena mwaka 1981. Hata hivyo palikuwa na wengine waliotajwa kuwa ndio watunzi wa kweli, miongoni mwao Adam Salim, aliyedai kwamba aliutunga katika miaka ya 1940. Fadhili William alifariki mwaka 2001. Ikiwa yeye ndiye mtunzi, miaka 50 inaishia mwisho wa 2051. Ikiwa ni mwingine, mwisho nao ni mwingine. Hakika, saa ya hakimiliki huanza kuhesabu katika kaburi la mtunzi. Usipojua kaburi ni lipi, hujui saa ni ngapi.

Nauliza basi: dhuluma ya *Malaika*, kama ilikuwapo, ingetibiwa kwa kuongeza miaka 20 mwishoni? La, hasha. Dhuluma ilikuwa mwanzoni, katika mkataba, katika kuandika jina, katika hesabu ya mauzo. Anayemwibia mtunzi mwaka wa kwanza hatamlipa mjukuu mwaka wa sabini. Mtunzi anayedhulumiwa akiwa hai anahitaji hakimu, daftari na polisi leo. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Nao walikusudia atunzwe angali anacheza.

Sasa turudi Masoro, maana huko kuna kipimo kingine cha kulinganisha. Ndani ya eneo hilo la viwanda, mwezi wa Juni 2022, liliwekwa jiwe la msingi la kituo cha kutengeneza chanjo cha kampuni ya Kijerumani ya BioNTech. Mvumbuzi wa dawa au chanjo hulindwa na hataza, na mkataba wa biashara wa dunia wa mwaka 1994 umeweka muda wa hataza kuwa miaka 20 tangu maombi kupelekwa. Miaka 20! Mtu aliyetumia fedha nyingi na wanasayansi wengi kuvumbua chanjo hupewa miaka 20. Mtu aliyetunga wimbo jioni moja, akafa akiwa na umri wa miaka 80, wimbo wake waweza kulindwa zaidi ya miaka 100. Sisemi kwamba wimbo ni kitu duni kuliko chanjo. Nasema kwamba dunia, ilipoona uhai wa watu umo hatarini, iliweza kuweka muda mfupi, na viwanda havikufungwa.

Tena hata ndani ya miaka hiyo 20 dunia ilikubali mlango wa dharura. Mwezi wa Julai 2007 Rwanda iliiarifu Shirika la Biashara la Dunia kwamba inataka kuagiza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilizotengenezwa kwa leseni maalumu, bila ya ridhaa ya kawaida ya wenye hataza. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Kampuni ya Apotex ya Kanada ikatengeneza, na dawa zikafika katika miaka ya 2008 na 2009. Rwanda haikuvunja sheria. Ilitumia mlango uliomo ndani ya sheria. Jambo hilo likumbukwe, maana ndilo litakalotupa jibu.

Ndugu wasikilizaji, sasa nafika mahali pazito. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, waliouawa walikuwamo watunzi na waimbaji. Cyprien Rugamba, mshairi, mtunzi na mwanzilishi wa kundi la ngoma la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa hapa Kigali tarehe 7 Aprili 1994 pamoja na mkewe Daphrose na watoto wao sita. Waliuawa Rodrigue Karemera na Sebanani André wa Orchestre Impala, ambao sauti zao bado zinasikika redioni. Waliuawa na wengine wengi ambao majina yao hayakupata kuchapwa popote, waliokuwa wakiimba harusini na makanisani.

Kwa hesabu ya Berne, kazi za kila mtunzi aliyeuawa mwaka huo haziwezi kuwa za watu wote kabla ya tarehe 1 Januari 2045. Iwapo nchi itafuata njia ya miaka 70, itakuwa tarehe 1 Januari 2065. Kwa mtunzi ambaye mtoto wake mmoja aliponea, muda huo ni baraka: yatima huyo asitiwe mkono mfukoni na mtu yeyote. Wimbo wa baba huenda ndio urithi pekee ambao wauaji hawakuweza kuuchoma moto. Lakini kwa mtunzi ambaye ukoo wake wote uliangamizwa, sheria imejenga nyumba yenye mlango na kufuli, na mwenye ufunguo hayupo. Mchapaji mwaminifu anayetaka kukusanya nyimbo hizo katika kitabu hana wa kumwomba. Mwalimu wa muziki hana wa kumwomba. Anayeziuza ni yule tu asiyeomba ruhusa ya mtu. Hivyo sheria inamzuia mwaminifu na kumwachia njia mjanja, na kila mwaka unaopita kanda zinakauka, na wazee wanaokumbuka maneno wanapungua. Miaka 20 zaidi haitampa marehemu huyo chochote ila kusahauliwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa sajenti wa Masoro lina sehemu tatu.

Kwanza, kwa sheria, kijana hakusema kweli. Kifo cha mtunzi hakifungui wimbo. Ndicho kinachoanza kuhesabu miaka. Polisi anayekuta kazi za kunakiliwa aulize mambo mawili kabla ya jingine: nani alitunga, na alikufa mwaka gani? Mtunzi aliyekufa 1994 analindwa. Tena akumbuke kwamba wimbo mmoja una haki zaidi ya moja: kuna ya mtunzi, na kuna ya mwimbaji na aliyeirekodi sauti, ambayo huhesabiwa kwa njia yake. Mashairi ya ibisigo ya karne zilizopita yako huru. Tafsiri na maelezo ya Padri Kagame, aliyefariki mwaka 1981, bado yanahesabiwa mpaka mwisho wa 2031. Wala mtu asiseme kwamba hakuna mrithi kwa sababu yeye hakumwona. Wapo yatima waliolelewa mbali, chini ya paa za watu wengine, nao wana haki ya kutafutwa.

Pili, kwa haki, kijana aliuliza swali ambalo dola ndiyo ipaswayo kulijibu: niombe kwa nani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Liwepo daftari la kazi za waliouawa: jina, kazi, mrithi aliyepatikana, mrithi aliyetafutwa akakosekana. Asiyepatikana mrithi wake, kiwepo chombo cha kutoa ruhusa kwa ada ndogo, na ada hiyo iwekwe amana ili mrithi akijitokeza aikute. Kanada ina utaratibu wa namna hiyo kwa kazi ambazo mwenyewe hajulikani alipo. Ulaya nayo iliweka wake mwaka 2012. Nchi iliyojua kuupata mlango wa dharura kwa ajili ya dawa mwaka 2007 haiwezi kushindwa kuupata kwa ajili ya nyimbo za watu wake.

Tatu, juu ya muda wenyewe. Miaka 50 tumefungwa nayo kwa mkataba, na mkataba huheshimiwa. Lakini tukija kushawishiwa kupanda hadi 70 kwa sababu wakubwa wamepanda, na tukatae. Nchi zetu hununua vitabu na filamu kutoka nje kuliko zinavyouza nje. Kwa hiyo miaka 20 ya nyongeza tutailipa sisi zaidi ya kulipwa. Kipimo chema ni kile cha riziki: mtunzi ale jasho lake akiwa hai, watoto wake wakue na kusoma kwalo, na baada ya hapo wimbo urudi kwa watu ambao lugha yao ndiyo iliyouzaa.

Nanyi wanajeshi, msidhani kwamba suala hili ni la polisi peke yao. Muziki wa *Rwanda Nziza*, wimbo wa taifa tulioupokea tarehe 1 Januari 2002, ulitungwa na Jean-Bosco Hashakaimana wa bendi ya jeshi. Kambini huzaliwa nyimbo kila siku, katika mbio za asubuhi na katika safari ndefu. Wanajeshi wa King's African Rifles waliimba *Funga Safari* katika Vita Kuu ya kwanza, na hadi leo wimbo huo unajulikana, lakini jina la aliyeanza kuupaza sauti halikuandikwa. Basi bendi na kwaya za vikosi ziwe na daftari lao: wimbo huu ulitungwa na fulani, mwaka fulani, akiwa katika kikosi fulani. Fedha huenda zisiwepo. Jina liwepo.

Maana hapo ndipo tunaporudi kwa abasizi wa kale. Wao walijua kitu ambacho mabunge ya Ulaya yalichukua muda mrefu kukitambua: haki ya mfuko ina mwisho, haki ya jina haina. Tarehe 1 Januari 2045, iwapo sheria haitabadilika, kijana wa Masoro, ambaye atakuwa mtu mzima mwenye mvi, ataweza kuziuza nyimbo za waliouawa mwaka 1994 bila kumwomba mtu. Hataweza, siku hiyo wala siku nyingine yoyote, kuziuza bila ya jina la aliyezitunga.

Niliambiwa na sajenti katika barua ya pili kwamba alirudi kwenye kibanda kile. Alimwonya kijana juu ya sheria, kisha akamwuliza kama anajua jina la mtunzi wa wimbo uliokuwa ukilia wakati huo. Kijana alijua jina la mwimbaji, na jina la kilima alikozaliwa, na alijua nani aliyempigia gitaa. Hakuwa ameliandika popote. Sajenti akampa kalamu.